Magurudumu ya Kifaru: Habari za Land Rover ya Shule na Rimu Zinazoifaa

Ndugu Mhariri ameniandikia akinitaka nieleze historia ya gari la shule, akaongeza kwamba nisizidishe mambo ya ufundi kwa kuwa wasomaji wengine ni mawakili na mapadri. Nitajitahidi, ila sharti hilo ni gumu, maana historia ya gari lile kwa sasa imesimama juu ya jambo moja la ufundi, nalo ni magurudumu.

Wanafunzi wa leo wanaliona kila siku nyuma ya karakana, limeinuliwa juu ya magogo manne. Bodi imepigwa rangi ya kijani upya, injini inawaka vizuri asubuhi, lakini haliendi popote kwa sababu halina miguu. Sisi tuliosoma hapa zamani tulilijua kwa jina la Kifaru. Kwa jina lake la kiwandani ni Land Rover Series III ya inchi 109, injini ya petroli ya lita 2.25, na lilifika shuleni mwaka 1978. Katika miaka yangu hapa, kuanzia 1993 hadi 1999, gari hilo lilibeba mahindi, maharage, kuni, timu ya mpira na wageni rasmi, na usiku wa manane lilibeba wagonjwa wa malaria hadi hospitali ya wilaya. Wako watu wanaosoma ukurasa huu ambao bila Kifaru wasingekuwapo kuusoma.

Chama chetu kimekubali lifufuliwe kwa ajili ya sherehe ya mwakani. Tena kimekubali kwamba baada ya sherehe lisikae kama sanamu, bali lipande na kushuka mlima ule ule likiwa na wanafunzi ndani. Hapo ndipo neno la magurudumu linapokuwa zito. Kamati imeletewa mashauri matatu. La kwanza ni kufunga rimu pana za alumini za inchi 18, zilizotolewa zawadi na wenzetu wanaoishi nje, kutoka kwenye Land Rover Discovery ya mwaka 2002. La pili ni kununua rimu za Toyota, ambazo ziko tele kila mji, na kuzifunga kwa sahani za kuunganishia. La tatu ni kutafuta rimu zile zile zilizotoka na gari. Mjumbe mmoja, nadhani kwa haraka ya kwenda kula, alisema kwamba gurudumu ni gurudumu mradi liwe la mviringo. Kikao kilicheka. Mimi nikaombwa nichunguze jambo hili na kuleta taarifa, na makala hii ni taarifa hiyo hiyo iliyopunguzwa ukavu.

Niseme mapema kwamba mimi si fundi. Ni mtumishi wa serikali niliyesoma historia chuo kikuu, na kazi yangu ya kila siku ni mafaili. Kwa hiyo nilianza mahali ninapopajua: nilifungua leja za stoo ya shule, nikasoma vitabu vya matengenezo vya gari lenyewe, kisha nikawaendea mafundi wazee wawili wa mjini walionivumilia kwa maswali yangu. Oktoba 2024, Land Rover zilipokusanyika Arusha kwa mamia, nilikwenda na tepu ya fundi cherehani mfukoni nikipima magurudumu ya watu. Wenye magari walinitazama kwa mashaka mwanzoni, lakini nikisha kueleza ninachotafuta, kila mmoja alikuwa na kisa chake.

Land Rover ilizaliwa katika dhiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa chuma, na chuma kilichopatikana kilitolewa kwanza kwa viwanda vilivyouza bidhaa nje. Kampuni ya Rover ilikuwa ikitengeneza magari ya kifahari ambayo wateja wake hawakuwa na fedha za kuyanunua. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na shambani alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani. Mwaka 1947 Rover walijenga mfano wao wa kwanza juu ya chesisi ya Jeep, na tarehe 30 Aprili 1948 gari lenyewe likaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam. Bodi yake ilikuwa ya mchanganyiko wa alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu, na kutokana na dhiki hiyo sisi tumepata faida: bodi ya Kifaru haikuoza kwa kutu hata ilipokaa mvuani miaka mingi. Kufikia mwaka 1976 Land Rover milioni moja zilikuwa zimetengenezwa. Ya kwetu ilikuja miaka miwili baadaye.

Sasa tutazame magurudumu ya gari hilo la 1948. Yalikuwa ya inchi 16 kama ya Jeep, yenye tairi nyembamba za 6.00-16. Tairi nyembamba hazikuwa ushamba. Katika matope laini gurudumu jembamba huzama kidogo, likafikia ardhi ngumu ya chini na kushika, ambapo tairi pana hubaki juu ya utelezi likizunguka bure. Anayeijua barabara yetu mwezi wa Aprili atanielewa bila mchoro.

Lakini katika jambo moja Rover waliachana na Jeep. Jeep ilikuwa na stadi tano zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha inchi 5.5. Land Rover nayo iliwekwa stadi tano, ila duara lake likawa la inchi 6.5, yaani milimita 165.1. Kipimo hicho kilidumu kwa namna ya ajabu. Kilikuwapo katika Series I, Series II ya 1958, Series III ya 1971, Range Rover ya 1970, zile gari za springi za mviringo za 1983 na kuendelea ambazo baadaye ziliitwa Defender, na Discovery ya 1989. Defender ya mwisho ya aina hiyo ilipotoka katika kiwanda cha Solihull tarehe 29 Januari 2016, stadi zake tano zilikuwa katika duara lile lile la mwaka 1948. Ni miaka 68. Sidhani kama kuna kitu kingine katika gari lile, ukiacha umbo la sura yake, kilichokaa muda mrefu hivyo bila kubadilishwa.

Waliobadili walikuwa jamaa wa pembeni. Range Rover ya 1994 na Discovery ya 1998 zilihamia kwenye duara la milimita 120. Kwa hiyo zile rimu nzuri za alumini, zikitoka katika Discovery ya 2002, zina matundu matano na zina jina la Land Rover katikati, na haziwezi kuingia katika stadi za Kifaru hata moja. Jambo hili si la maoni. Niliomba rimu moja iletwe karakanani, tukaiinua watu wawili, tukaona wote.

Baadhi ya wasomaji watasema basi tafuta rimu yoyote ya duara la 165.1, kazi imekwisha. Hapa pana mtego wa pili, na ndio unaowanasa wengi kwa sababu rimu inaingia. Rimu za Series zilikuwa za aina mbili kuu. Gari fupi la inchi 88 lilipewa rimu iliyoandikwa 5.00F, na gari refu la inchi 109 lilipewa 5.50F. Tarakimu ya kwanza ni upana wa rimu kwa inchi, kutoka ukuta mmoja wa ndani hadi wa pili, na herufi F ni umbo la ukingo unaoshika tairi. Tofauti ya nusu inchi ingeweza kuvumilika. Kubwa zaidi ni mahali ilipokaa sahani ya katikati, ile yenye matundu. Sahani hiyo haikai katikati kabisa ya upana wa rimu. Katika rimu ya gari refu imewekwa kwa namna inayosukuma tairi nje zaidi, ili tairi nene la 7.50-16 lipate nafasi ya kupita bila kugusa springi za majani dereva akikata usukani hadi mwisho. Funga tairi hilo kwenye rimu ya gari fupi, litakwenda vizuri barabara iliyonyooka. Kwenye kona kali litasugua springi, na kila kona litaondoka na ngozi kidogo upande wa ndani, ambako dereva haoni.

Hayo yalitokea hapa shuleni. Leja inaeleza, ingawa mtunza stoo aliyeandika hakujua anaandika historia.

Gari lilipokewa mwaka 1978 likiwa na magurudumu matano, moja likiwa juu ya boneti katika lile bakuli lake. Vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa mwaka huo huo, na kama magari mengi ya taasisi wakati ule, Kifaru nacho kilikwenda kulitumikia Taifa. Leja inaonyesha safu tupu ya mafuta kwa miezi mingi ya mwaka 1979, kisha mstari mmoja: gari limerudi, bodi ina mbonyeo, magurudumu manne. Hakuna lalamiko, na mimi silalamiki. Gurudumu la tano halijulikani lilibaki kilima gani.

Kulipata jingine haikuwa kazi ndogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, wakati kule Thika kiwanda cha Leyland kilikuwa kikiunganisha Land Rover. Kwa macho ya ramani vipuri vilikuwa jirani. Kwa macho ya mwenye shule vilikuwa ng'ambo ya bahari. Fedha za kigeni hazikuwapo. Tairi zenyewe zilipatikana kwa kibali, za General kutoka kiwanda cha Arusha kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leja inaonyesha barua tatu zilizoandikwa kuomba tairi mbili. Nimeziona nakala zake. Mkuu wa shule wa wakati huo aliandika Kiswahili kizuri sana cha kuomba.

Mwaka 1982 inaonekana rimu mbili ziliingia stoo, "zimetolewa na rafiki wa shule", bila kipimo. Moja ya rimu hizo ipo hadi leo na nimeisafisha kwa brashi ya waya: ni 5.00F, ya gari fupi. Kuanzia mwaka huo leja inaanza kuonyesha ajabu. Tairi za mbele upande wa kushoto zinakwisha mara mbili ya nyingine. Mwandishi ameweka alama ya kuuliza pembeni, kisha mwaka 1985 ameacha hata kuuliza. Dereva alilaumiwa, na mimi naona ni vema kuandika hapa, japo amekwisha kututoka, kwamba hakuwa na kosa. Springi ndiyo iliyokuwa ikila tairi.

Baada ya hapo mambo yakafunguka. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na katika miaka ya ruksa iliyofuata Toyota zikajaa barabarani. Land Cruiser za wakati ule, pamoja na Nissan Patrol, zina stadi sita katika duara la milimita 139.7. Gereji zikajaza rimu za matundu sita, nati za Kijapani na mafundi waliojifunza kwa magari hayo, ambayo sina ugomvi nayo, ni magari imara. Ila kuanzia hapo Land Rover ya Series ikawa kama mzee wa lugha nyingine aliyebaki katika kijiji kilichohamiwa.

Nati ndizo zilizotuangusha mwaka 1996, nami nilikuwamo garini. Watu wa miaka yangu wanakumbuka. Gari lilikuwa limetoka kutengenezwa breki katika gereji moja ya mjini, tukarudi tukiwa kumi na wanne nyuma pamoja na magunia. Tulipokuwa tukishuka kuelekea daraja, gurudumu la nyuma kushoto lilitutangulia. Sitaeleza tulivyopiga kelele. Dereva wetu, tuliyemwita Babu, alilielekeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, si upande wa bonde, likasimama likiwa limeinama. Mwenzetu mmoja alivunjika mkono. Wengine tulitoka na mchubuko.

Babu hakusema kitu kwa muda. Kisha aliokota nati moja barabarani, akatuonyesha thredi zake zilizonyolewa kama mti uliokwanguliwa ganda. Alichotueleza pale nimekithibitisha sasa katika vitabu. Stadi za Series zilikuwa za Kiingereza, kipenyo cha inchi 9/16, thredi ya BSF, yaani meno 16 kwa kila inchi. Ipo nati nyingine yenye kipenyo hicho hicho, ya mtindo wa UNF, yenye meno 18 kwa inchi. Ukiiweka kwa mkono inakubali mizunguko michache ya mwanzo, kisha inakaza. Fundi mwenye haraka hudhani ni kutu, anaongeza bomba refu kwenye spana, anaisukuma kwa nguvu. Nati inaonekana imekaza kuliko zote, kumbe inashikwa na mabaki ya meno mawili matatu. Mzigo, mteremko na mtikisiko vikamaliza kazi. Mwishoni mwa uhai wa Series III stadi zilibadilishwa kuwa za milimita 16, jambo lililoleta mchanganyiko wa tatu, lakini gari letu la 1978 ni la thredi ya zamani, na limebaki nayo.

Ndiyo maana kila ninaposikia "mradi liwe la mviringo" sicheki kwa muda mrefu.

Sasa nieleze jinsi ya kuitambua rimu, maana wanafunzi wa Klabu ya Ufundi wameniomba, na hapa wenzangu mawakili wanaweza kuruka aya mbili. Rimu ya matundu matano haina matundu mawili yanayotazamana, kwa hiyo huwezi kupima kipenyo cha duara moja kwa moja kwa rula. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lililo jirani nalo, kisha zidisha kwa 1.7. Wanaosoma trigonometria watajua namba hiyo imetoka wapi. Pembe ni nyuzi 36. Katika rimu ya Kifaru utapata milimita 97 kutoka tundu hadi tundu. Ukipata 82, duara ni la 139.7, na hiyo ni rimu ya Jeep ya zamani au Suzuki ndogo, ambazo nazo zina matundu matano. Mzee mmoja mwema alituletea ya Suzuki kwa baiskeli kutoka mbali, tukamshukuru, tukampa chai. Ukipata 70 na nusu, ni ile ya milimita 120.

Baada ya duara, soma maandishi yaliyogongwa kwenye chuma, yaani 5.50F na 16. Halafu kagua matundu yenyewe. Nati ya rimu ya chuma ina upande mmoja uliochongwa kama pia, na upande huo ndio unaotazama rimu na kuikalisha mahali pake. Tundu lililofunguka na kuwa kama yai ni dalili kwamba rimu iliwahi kutembea ikiwa imelegea, na rimu ya namna hiyo itupwe, isitengenezwe. Tafuta nyufa za nywele kati ya tundu na tundu. Igonge kwa nyundo ndogo usikie inalia au inakohoa. Mafundi wazee wote wawili waliniambia hivyo bila kushauriana.

Kuna rimu moja ambayo nawaomba vijana wasiiguse kabisa. Ni ile ya vipande viwili vilivyofungwa kwa duara la pili la nati, iliyotumika katika baadhi ya Land Rover za jeshi. Nati hizo za duara la pili hazifungi gurudumu kwenye gari, zinashikilia vipande vya rimu dhidi ya nguvu ya hewa. Anayezifungua tairi ikiwa na upepo anaweza kupoteza maisha. Tumeipata moja katika ukaguzi wetu na nimeagiza ikatwe.

Nirudi kwenye mashauri ya kamati. Rimu za Toyota kwa sahani za kuunganishia sizikubali. Sahani hiyo inafungwa kwenye stadi zetu, kisha rimu inafungwa kwenye stadi za sahani, kwa hiyo badala ya nati tano za kuhofia unakuwa na kumi na moja kila gurudumu. Tena inasukuma gurudumu nje kuliko ilivyokusudiwa, na uzito unakwenda kuning'inia kwenye beringi za habu na kwenye maungio ya usukani. Rimu pana za aina yoyote zina ubaya huo huo. Usukani wa Kifaru hauna msaada wa haidroliki. Waliowahi kumwona Babu akigeuza gari pale mbele ya bwalo watakumbuka mabega yake yalivyofanya kazi, na hiyo ni kwa tairi nyembamba.

Kuhusu wenzetu waliotoa rimu za alumini, nimewaandikia kuwashukuru na kupendekeza ziuzwe, fedha zinunue tairi. Wawili wamekubali kwa moyo mkunjufu. Mmoja amekasirika kidogo, naye ana haki, maana kusafirisha vyuma vizito baharini ni gharama. Natumaini tutakapoonana mkutanoni tutayamaliza.

Tairi lenyewe lilinipa kazi kuliko nilivyodhani. Kipimo cha asili cha gari hili ni 7.50-16, yaani upana wa karibu inchi saba na nusu juu ya rimu ya inchi 16, na kimo cha gurudumu zima hukaribia milimita 805. Duka moja lilitushauri 235/85R16, ambalo ukikokotoa kimo chake unapata milimita 806. Kwa kimo ni pacha. Lakini watengenezaji wa tairi hilo huitaka rimu ya upana wa inchi 6 au zaidi, na yetu ni 5.5. Tairi likibanwa kwenye rimu nyembamba kuliko linavyotaka, uso wake unavimba katikati na kuta zake zinafanya kazi zisiyoumbiwa. Kwa hiyo nimependekeza 7.50R16, ambalo lina kipimo cha zamani na utengenezaji wa kisasa. Herufi R ni ya radiali, mtindo ambao Michelin walijipatia hataza yake mwaka 1946, miaka miwili kabla ya Land Rover yenyewe. Gari na tairi ni watu wa rika moja, ingawa ilichukua muda mrefu kufahamiana.

Tyubu zibaki. Rimu nyingi za zamani zimeungwa kwa riveti, na hewa hupata njia pale. Tena hazina kile kinundu cha ndani kinachozuia tairi kuteleza likipungua upepo. Muuza tairi atakayesema tyubu ni mambo ya kale asikilizwe kwa adabu na asifuatwe.

Na tairi zote tano ziwe za namba moja na aina moja. Series III haina diferensho ya katikati kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Dereva akiingiza gia ya magurudumu manne, ekseli zote mbili zinafungwa pamoja na kulazimishwa kuzunguka sawa. Ikiwa tairi za mbele ni fupi kuliko za nyuma, zinataka kuzunguka zaidi kwa mwendo ule ule, hazipati ruhusa, na ugomvi huo unaishia kwenye meno ya giaboksi. Kwenye matope magurudumu huteleza na ugomvi unapungua. Kwenye lami kitu lazima kivunjike. Nimeona katika leja kwamba giaboksi ilifunguliwa mara nne kati ya 1983 na 1991. Sina ushahidi wa kutosha kuunganisha mambo hayo mawili mbele ya mahakama, lakini msomaji ana akili zake.

Hali ilivyo sasa ni hii. Rimu mbili za 5.50F zilipatikana chini ya vitanda vibovu katika stoo ya zamani, nazo nina hakika ni za gari hili tangu 1978, maana chini ya rangi tatu tumekuta rangi ya maziwa iliyotoka nayo. Mbili nyingine tumenunua kwa mzee wa kijiji cha jirani aliyekuwa akizitumia kukandamiza bati za banda la kuku. Alitudai pia bei ya mawe ya kuweka badala yake, tukalipa. Zote nne zimepita majaribio ya kuzungushwa na kugongwa. Nati ishirini mpya za BSF zimeagizwa kutoka Uingereza na zimefika, na zile za zamani zimehesabiwa, zimefungwa katika mfuko na kuandikwa "zisitumike".

Linalokosekana ni gurudumu la tano, la juu ya boneti. Kamati imeamua gari lisishuke mlimani na wanafunzi kabla halijapatikana. Mwenye rimu ya matundu matano, milimita 97 kutoka tundu hadi tundu, iliyogongwa 5.50F, isiyo na ufa wala tundu lililopanuka, amwandikie karani wa chama kupitia shule. Nauli ya kuifuata italipwa.